Bega la Kulia Kwenye Mtaro: Kuendesha Pikipiki Kutoka Kisumu Hadi Kigali

Anayetoka Kisumu kwa pikipiki kwenda Kigali hupita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, akavukia Busia, kisha akashika njia ya Bugiri, Iganga, Jinja, Kampala, Masaka, Mbarara na Kabale. Kwa mwendo huo wote, ambao unazidi kilomita 700, anaendesha upande ule ule wa kushoto aliouzoea tangu siku ya kwanza alipofundishwa kushika klachi. Akiondoka Katuna, upande wa Uganda, na kuingia Gatuna, upande wa Rwanda, upande wa kuendesha unageuka. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, ilhali Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Ethiopia huendesha kulia. Kati ya Uganda na Rwanda tofauti hiyo ni urithi wa wakoloni tu: Mwingereza aliacha desturi yake huku, Mbelgiji akaacha yake kule, na milima ya Kigezi imebaki kuwa mpaka wa tabia mbili za barabarani.

Wanaopanga safari hii huniuliza kuhusu hati, petroli na mahali pa kulala. Suala la upande huwa hawaliulizi, kwa kudhani kwamba jambo kubwa namna hiyo mtu hawezi kulisahau. Husahaulika, tena mahali ambapo mwenyewe hakutarajia. Ndiyo maana kilomita 700 za kwanza nitazipitia haraka, na zile 80 za mwisho, kutoka Gatuna hadi Kigali, nitakaa nazo.

Hati, kwa ufupi

Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014, ingawa mimi hubeba pasipoti pia kwa sababu maafisa wa forodha huielewa upesi zaidi na mhuri wake huonyesha wazi siku niliyoingia. Beba leseni yenye daraja la pikipiki, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na logibuku ya pikipiki yenyewe. Hapo kwenye logibuku ndipo safari za wengi huku kwetu hukwama, kwa kuwa pikipiki nyingi zimenunuliwa kwa mkopo na hati ya umiliki imefungiwa ofisini kwa mkopeshaji hadi deni liishe. Kama hiyo ndiyo hali yako, omba barua ya ruhusa mapema, yenye jina lako, nambari ya usajili, nambari ya injini na ya chesi, pamoja na nchi unazokwenda. Barua inayosema tu kwamba “mhusika anaruhusiwa kusafiri” itakurudisha Kisumu.

Bima ya kawaida ya Kenya huishia mpakani. Kinachoendelea ng’ambo ni Kadi ya Manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), ambayo hutolewa na kampuni iliyokukatia bima ya nyumbani kama nyongeza ya bima hiyo, na inatambulika Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA. Iombe siku kadhaa kabla ya kuondoka. Mpakani utapewa pia kibali cha muda cha kuingiza chombo. Soma tarehe iliyoandikwa humo kabla hujatoka dirishani, kwa maana kibali kilichoisha muda ni faini utakayokutana nayo unaporudi, wakati mfuko umeshakuwa mwepesi.

Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, kwa hiyo anayetoka Kenya hukamilisha shughuli za nchi zote mbili chini ya paa moja, upande wa Uganda. Hapo ndipo inaposemekana neno “bodaboda” lilizaliwa, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Mwendesha pikipiki wa magharibi mwa Kenya anayevuka Busia basi anafuata kazi ya babu zake, na hilo peke yake linatosha kumfanya asitie haraka kwenye foleni.

Uganda: upande ni ule ule, mwendo si ule ule

Nchini Uganda mkono wako hauna jipya la kujifunza. Macho ndiyo yenye kazi. Kati ya Jinja na Lugazi barabara inapita katika msitu wa Mabira, ambako malori hufuatana kwa karibu na madereva wa magari madogo huyapita mahali pasipoonekana mbele. Pikipiki inayokuja mbele yao hawaihesabu kuwa chombo, na hudhani itajitupa yenyewe kando. Jiandae kujitupa kando, hata kama haki ni yako.

Kampala ipite alfajiri, au siku ya Jumapili asubuhi. Bodaboda wa pale hupenya pande zote, wengine wakija kinyume cha mkondo kando ya mtaro, na mgeni mwenye mizigo mipana pande mbili za kiti hawezi kushindana nao. Ukiuliza njia utaambiwa “ku kkono”, yaani kushoto, au “ku ddyo”, yaani kulia. Maneno hayo mawili ya Kiganda yanafaa kuyajua kabla hujaingia, kwani ishara ya mkono ya mtu aliyesimama akikutazama ni rahisi kuielewa kinyume.

Lala Kabale. Najua kwamba aliyetoka Mbarara mapema anaweza kufika Kigali siku hiyo hiyo, lakini ninakuomba usifanye hivyo mara ya kwanza. Kubadilisha upande kunataka akili iliyopumzika, na saa za mwisho za siku ya pili ya safari si wakati wa kuifundisha akili jambo jipya. Kabale iko juu, kwenye mita zipatazo 2,000, na asubuhi kuna ukungu na baridi ambayo mtu wa ziwani haijui. Vaa glavu, na usiondoke kabla ukungu haujainuka. Ukivuka, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Jua litatua saa ya huko ikionyesha karibu saa kumi na mbili jioni, huku mwili wako ukidai kwamba ni saa moja usiku.

Kwa nini pikipiki ni hatari kuliko gari katika jambo hili

Siku yangu ya kwanza nchini Rwanda sikukosea hata mara moja. Niliingia Gatuna nikifuata lori, nikashuka na mabonde hadi Kigali nikiwa na magari mbele na nyuma yangu, na kila chombo nilichokiona kilikuwa kinanikumbusha. Kosa lilikuja asubuhi ya pili. Nilijaza mafuta katika kituo kilicho upande wa kulia wa barabara, nje kidogo ya mji, kabla ya jua kuchomoza sawasawa. Nilipomaliza, nilitazama barabara, nikaona ni tupu pande zote, nikaivuka na kushika upande wa pili, kama ambavyo ningefanya nikitoka kituo cha upande wa kulia pale Kondele, Kisumu. Nilikwenda mita kama 200 nikiwa na raha. Mara nikaona taa ya pikipiki ikija moja kwa moja mbele yangu, na nakumbuka vizuri kwamba hisia yangu ya kwanza ilikuwa hasira: huyu mtu anafanya nini katika upande wangu? Alikuwa motari, yaani mwendesha pikipiki ya abiria, mwenye kizibao chenye nambari. Alipunguza mwendo, akasimama, akafunua kioo cha helmeti yake, akanyoosha kidole kuelekea upande wa pili na kutamka neno moja: “Iburyo.” Kulia. Kisha akaniacha pale nikiwa na aibu yangu.

Tangu siku hiyo nimelifikiria sana jambo hili, na sababu yake naiona hivi. Mwenye gari anayetoka Kenya kwenda Rwanda na gari lake hukaa karibu na mtaro badala ya kukaa karibu na mstari wa katikati, na hali hiyo ya ajabu humkumbusha kila dakika kwamba mambo yamegeuka. Akikodi gari la huko, usukani uko kushoto na mkono unaotafuta gia unagonga mlango. Pikipiki haina kikumbusho cha aina hiyo. Umekaa katikati ya chombo, klachi iko kushoto na breki ya mbele iko kulia kama ilivyokuwa Kisumu, na hakuna kitu mwilini mwako kinachojua kwamba umevuka mpaka. Kinachokukumbusha ni watu wengine tu. Wakiwapo, uko salama. Wasipokuwapo, unarudi kwenye mazoea. Kwa hiyo hatari haiko sana katikati ya mji wenye msongamano, ambako kila mtu anahofia. Iko kwenye barabara tupu, baada ya kusimama: kutoka kituo cha mafuta, kutoka lango la nyumba ya wageni asubuhi, kutoka kandokando ulikosimama kunywa maji au kupiga picha, na baada ya kugeuza pikipiki kurudi ulikotoka.

Dawa niliyoipata ni sentensi moja, ambayo huitamka kwa sauti ndani ya helmeti kila ninapotia gia ya kwanza: bega la kulia kwenye mtaro. Usijiambie tu “kulia, kulia”, maana kwenye njia panda neno hilo huchanganyika na upande unaotaka kukunja. Bega lako la kulia lazima liwe karibu na mtaro, na la kushoto liwe karibu na mstari wa katikati, iwe umetoka kushoto, umetoka kulia au umegeuka. Barabara nyingi za lami za Rwanda zina mitaro ya mawe iliyojengwa vizuri na kuonekana waziwazi, kwa hiyo sentensi hiyo ina kitu cha kushika. Pamoja na hayo, funga kitambaa chekundu kwenye shina la kioo cha kulia. Kisiwe kirefu, na kisifungwe kwenye mkono wa breki, kwani kitambaa kinachozuia breki ni ajali ya aina nyingine. Kazi yake ni moja tu, kwamba upande wenye kitambaa ndio upande wa mtaro.

Njia panda, mizunguko na kona

Kukunja kulia nchini Rwanda ni kukunja kwa karibu, kama sisi tunavyokunja kushoto. Kosa la mgeni ni kupinda kwa upana kama alivyozoea, akajikuta ameingia upande wa wanaokuja. Kukunja kushoto ndiko kunakovuka magari yanayokuja mbele, na kosa la huko ni kinyume chake: mtu hukata kona mapema na kuingia upande wa karibu, ambao si wake. Kabla ya kukunja, tafuta kwa macho mtaro utakaokuwa kuliani mwako baada ya kukunja, kisha uendee huo.

Kwenye mzunguko, ambao jirani zetu wa Tanzania huuita kipilefti, jina hilo likivuka mpaka linageuka uongo mtupu. Kwetu tunauzunguka kwa mwendo wa akrabu za saa na tunampisha anayetoka kulia. Kule unaingia kwa kulia, unazunguka kinyume cha akrabu za saa, na unayepaswa kumtazama kabla ya kuingia anatokea kushoto. Shingo ndiyo inayokaidi. Utageuza kichwa kulia kwa mazoea, uone hakuna mtu, uingie, na basi liko kushoto kwako. Mara za kwanza simama kabisa mlangoni mwa mzunguko hata kama hakuna haja, weka mguu chini, tazama kushoto, tazama tena kushoto, ndipo uingie. Anayepiga honi nyuma yako mwache apige.

Kona za milimani zinataka maelezo ya ziada. Katika kona ya kushoto, ukiwa upande wa kulia wa barabara, matairi yako yanaweza kuwa ndani ya mstari huku kichwa na bega, kwa kuwa umelalia kushoto, vimeshapita mstari wa katikati na vinamngoja anayekuja. Nyumbani jambo hilo hutupata kwenye kona za kulia, na tumejifunza kulikwepa bila kufikiri. Kule linahama upande na mwili haujajua. Ingia kona ya kushoto ukiwa karibu zaidi na mtaro kuliko unavyoona ni lazima, kwa mwendo unaokuruhusu kusimama ndani ya sehemu unayoiona. Kona ya kulia, kwa upande wake, iko ndani, imeziba kwa ukingo wa mlima, na ukiingia kwa kasi itakutupa katikati ya barabara.

Mambo madogo yanayoumiza

Abiria wetu hupandia kushoto. Sababu ni mbili, nazo zinakubaliana: kushoto ndiko ukingoni mwa barabara, na ekzosi ya pikipiki nyingi tunazotumia iko kulia. Nchini Rwanda sababu hizo mbili zinagombana. Akipandia na kushukia kushoto, anashukia katikati ya barabara mbele ya magari. Akishukia kulia, ndama ya mguu wake inakutana na ekzosi yenye moto. Usimshushe abiria barabarani kabisa. Toa pikipiki nje ya lami, kwenye kituo au uwanja, uzime injini, kisha ashukie kushoto kama kawaida. Nimeona alama ya ekzosi kwenye mguu wa rafiki aliyeambiwa “shuka upesi” na dereva aliyesimama kando ya mtaro. Alama hiyo haijatoka.

Stendi ya pembeni nayo iko kushoto. Barabara ya lami imeinuka katikati na kuinamia kando ili maji yatiririke. Nyumbani, ukiegesha ukingoni, pikipiki huinamia upande wa stendi na kutulia. Kule, ukiegesha ukingoni mwa kulia, ardhi inainamia kulia, pikipiki inasimama wima kupita kiasi, na upepo wa lori linalopita unatosha kuisukuma mtaroni. Tumia stendi ya katikati, au itie gia ya kwanza na kuigeuza ielekee mlimani.

Kisha kuna kioo cha kushoto. Huku kwetu wengi kioo hicho kimevunjika zamani, au kimegeuzwa kutazama uso wa mwenyewe, kwa kuwa anayekupita anatokea kulia. Rwanda anayekupita anatokea kushoto. Nunua kioo kabla hujaondoka. Pale soko la Kibuye, Kisumu, na kwa mafundi wa kandokando ya barabara hakitakugharimu kiasi cha kukurudisha nyuma.

Taa ya mbele ina jambo lake pia. Baadhi ya pikipiki zina taa inayotupa mwanga sawasawa pande zote, nazo hazina shida. Nyingine zimetengenezwa kwa nchi za kushoto, zikiinua mwanga kidogo upande wa kushoto ili kuonyesha ukingo wa barabara, na kule mwanga huo huingia machoni mwa wanaokuja. Ili kujua yako ni ipi, iegeshe usiku mbele ya ukuta kwa umbali wa mita 5, uwashe taa ya chini, na utazame ukingo wa juu wa mwanga. Ukipanda upande wa kushoto, ziba kioo cha taa kidogo kidogo kwa kiganja mpaka sehemu iliyopanda ipotee, halafu uweke utepe mweusi mahali hapo. Hata hivyo ninapendekeza usiendeshe usiku hata kidogo katika siku zako za kwanza.

Malori ya kwetu katika barabara za kwao

Kati ya Gatuna na Kigali utakutana na malori mengi yaliyotoka Mombasa na kupita Nakuru na Malaba au Busia kama wewe. Usukani wao uko kulia. Huko, dereva anakaa upande wa mtaro, na akitaka kulipita lori lililo mbele yake hana budi kulitoa karibu nusu nzima ndipo aone kinachokuja. Ukiwa unakuja mbele, ukaona pua ya lori ikichungulia kutoka nyuma ya jingine, usidhani amekuona. Huenda ndiyo kwanza anaanza kuona. Sogea kuliani, punguza mwendo, na uwe tayari kutoka nje ya lami.

Vilevile usitegemee indiketa za malori katika kupita. Kwetu lori linalowasha indiketa ya kulia linaweza kuwa linakunja, linakuonya usipite, au linamwonyesha anayekuja mahali ubavu wake unapoishia, na tumezoea kukisia. Ng’ambo lugha hiyo hugeuzwa, lakini dereva aliyetoka Salgaa, kule Kenya, jana huenda bado anaongea ile ya nyumbani. Pita unapoona mwenyewe kwamba ni wazi, na upitie kushoto.

Sheria ambazo Rwanda haina mzaha nazo

Helmeti kwa dereva na abiria, abiria mmoja tu, na mwendo ulioandikwa kwenye bango. Mabango ya 40 na 60 ni mengi kuliko ya 80, na kamera za mwendo ziko nyingi, baadhi zikiwa zimesimamishwa kando ya barabara mahali ambapo mteremko unakuvuta. Sheria hizi kwenye karatasi hazitofautiani sana na za Kenya. Tofauti ni kwamba kule zinafuatwa. Dereva husimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu mtu akiwa ndiyo kwanza anaukanyaga mstari wa kwanza, na aliye nyuma yake anatarajia asimame, hivyo ukimfuata gari kwa karibu kama tunavyofanya huku utamgonga.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini humo mwaka 2008, miaka tisa kabla yetu, na maafisa wa mpakani huikagua. Mizigo uliyoifunika kwa nailoni kuikinga na mvua ya Kabale ihamishie kwenye turubai. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, na kati ya saa mbili na saa tano asubuhi shughuli za barabarani husimama. Panga siku yako ya kuvuka isiangukie hapo. Jijini Kigali baadhi ya barabara hufungwa pia Jumapili fulani asubuhi kwa ajili ya watu kufanya mazoezi. Askari akikusimamisha, zima injini, vua helmeti, msalimie. Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda tangu mwaka 2017, na salamu ya “mwaramutse” asubuhi na “murakoze” wakati wa kuachana hupokewa vizuri. Usimpe fedha mkononi.

Kujifunza kabla ya kuondoka

Jumapili moja kabla ya safari, tafuta uwanja mtupu wa shule, kwa ruhusa ya mwenyewe. Panga mawe au matairi ya zamani kuwa mzunguko wa upana wa mita kama 15, chora barabara nne kwa majivu, na ufanye mazoezi ya kuingia kwa kulia, kutazama kushoto, kuzunguka na kutoka. Utashangaa kuona kwamba kulalia kushoto kwa muda mrefu ni kugumu kuliko ulivyodhani, kwa sababu mizunguko yetu, ule wa Kisumu Boys ukiwemo, imekuzoesha kulalia kulia. Kisha fanya zoezi lililo muhimu kuliko yote: egesha, zima injini, shuka, ongea na mtu dakika tano juu ya jambo jingine kabisa, panda, uondoke. Mwenzako aandike ni mara ngapi umeshika upande usio wako. Kamwe usijaribu zoezi hili barabarani, hata iwe saa kumi alfajiri.

Kwa wanaoelekea kusini badala ya magharibi, kupitia Ahero, Kisii, Migori na Isebania hadi Sirare, haya ya upande hayawahusu, kwa kuwa Tanzania huendesha kushoto. Yanayowahusu ni mabango ya 50. Kila kijiji kina bango la kuanza kwa 50 na bango la kuimaliza, na askari wa trafiki waliovaa nyeupe hukaa na kipima mwendo katikati ya mabango hayo, mara nyingi mita chache kabla ya lile la mwisho, pale ambapo nyumba zimeshaisha na mkono umeshaanza kuongeza mafuta. Ongeza ukishalipita bango.

Kurudi

Baada ya siku nne au tano nchini Rwanda bega la kulia litakuwa limezoea mtaro, na hapo ndipo unaporudi Katuna. Wengi hulegea mpakani kwa kuhisi wamefika nyumbani, ilhali mwili wao umeshabadilika. Kabla ya kutoka kwenye uwanja wa forodha upande wa Uganda, shuka, fungua kitambaa chekundu kwenye kioo cha kulia na ukifunge kwenye cha kushoto, bandua utepe kwenye taa, na ubadilishe sentensi ya helmeti iwe bega la kushoto kwenye mtaro. Kiache kitambaa hapo mpaka uvuke Busia, na ukifika Bumala au Ugunja ukasimama kunywa chai, kitazame tena kabla ya kutia gia.